BASI SI BWENI

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mhenga, nijuavyo mimi, aliyesema kwamba mgeni akija alazwe juu ya kiti cha gari. Hata hivyo, hayo ndiyo yanayowapata wanafunzi wa baadhi ya shule za kutwa wanapokwenda kushindana katika Tamasha la Muziki. Ndiyo maana nimeishika kalamu leo, wasomaji wapenzi wa jarida letu, ili niseme wazi bila kutafuna maneno: basi si bweni, na pesa za kwanza za tamasha zinafaa kutumiwa kutafuta mahali pa kulala kabla ya kununua sare.

Tamasha letu si la jana wala juzi. Lilianza mwaka wa 1927, na hadi leo wanafunzi hupanda ngazi moja baada ya nyingine: kaunti ndogo, kaunti, eneo, kisha taifa, ambako aghalabu mashindano huwa mwezi wa Agosti. Kuna nyimbo za kiasili, kwaya za sauti nne, ala za muziki, na mashairi ya kukariri ambayo sisi wa Chama cha Kiswahili twayapenda kama chakula. Timu ikirudi, kila mtu huuliza, "Mmeshika nambari ngapi?" Mwalimu huuliza, mzazi huuliza, hata mama muuza mandazi pale langoni huuliza. Sijasikia hata mmoja akiuliza, "Mlilala wapi?"

Basi mimi nitajibu ingawa sikuulizwa. Mwezi wa Julai mwaka wa 2024 timu yetu ilifuzu hadi ngazi ya eneo, katika mji mmoja wa nyanda za juu. Tulikuwa wanafunzi 29 na walimu wawili, ndani ya basi la kukodi lenye viti 33. Shule iliyotupokea ilikuwa imejaa pomoni. Madarasa yote yalikuwa yamekwisha kugawanywa, na hata lile moja tulilodokezewa lilikuwa na sakafu ya saruji tupu, nasi hatukuwa na godoro hata moja. Tukalala garini siku mbili. Kufikia saa sita za usiku vioo vyote vilikuwa vinatiririka maji ya pumzi zetu. Kufikia saa nane, meno yalikuwa yakigongana kwa baridi hata ungedhani tunafanya mazoezi ya kayamba. Dereva, mzee mwenye huruma, akawasha injini ili tupate joto. Mwalimu wetu akamwambia, "Zima, Mzee. Afadhali baridi kuliko moshi." Akazima. Asubuhi tuliingia jukwaani shingo zimepinda na sauti ya pili ikikwaruza kama mlango wenye kutu. Tulishika nambari ya tano. Sisemi kwamba tungekuwa wa kwanza kama tungelala vizuri, la hasha. Nasema tu kwamba hatukupata nafasi ya kujua.

Huenda msomaji akauliza, kwani kwa nini shule za kutwa ndizo zinazoumia? Jibu ni jepesi. Desturi ya tamasha ni kwamba shule inayopokea wageni hutoa madarasa, nawe unakuja na godoro lako. Mwanafunzi wa bweni analo lake. Hulikunja, akalifunga kwa kamba, akalirusha juu ya gari. Mwanafunzi wa kutwa naye godoro lake liko nyumbani, na juu yake wanalala wadogo zake wawili. Akilibeba kwenda tamashani, hao walale wapi? Kwa hivyo huja na shuka moja begani na matumaini mengi moyoni. Waamuzi wakishika kalamu huwatia alama wote kwa kipimo kimoja, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini mashindano hayawezi kuwa sawa mchana ikiwa hayakuwa sawa usiku.

Tuje sasa kwa afya, maana afya ni bora kuliko mali. Somo la Biolojia latufundisha kwamba damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli inayoibana mishipa tunapotembea. Mtu akilala ameketi usiku kucha, miguu ikining'inia, misuli hiyo haifanyi kazi na miguu huvimba. Wenzangu wawili walishindwa kuvaa viatu asubuhi. Fauka ya hayo, kuna hatari iliyo kubwa zaidi, ile ambayo mwalimu wetu alituepusha nayo. Injini inayonguruma gari likiwa limesimama hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni, hujishika kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hawezi kujua. Huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi wake ukawa mzito usio na kuamka. Jiko la makaa nalo hutoa gesi hiyohiyo, na humu nchini jamaa nyingi zimeangamia kwa kulala na jiko katika chumba kilichofungwa. Gari lililofungwa vioo ni chumba kidogo kuliko vyote.

Jambo jingine ni usalama, hasa wetu sisi wasichana. Gari halina choo. Saa tisa za usiku ukibanwa, utavuka uwanja wenye giza katika shule usiyoijua, miongoni mwa magari ya watu usiowajua. Wengine huamua kutokunywa maji tangu jioni, na hiyo ni dawa mbaya kwa mtu ambaye kesho atatumia koo lake. Isitoshe, wavulana na wasichana wakibanana katika viti vya wawili wawili usiku kucha, hata kama wote wana nidhamu ya chuma, maneno hayakosi. Maneno hayo yakishafika kijijini, ni msichana anayezuiwa na babake asiende tamashani tena, si mvulana. Nawajua wenzangu ambao sauti zao zimenyamazishwa kwa njia hiyo.

Tusimsahau dereva. Tulipofunga macho kwa taabu, naye alikuwa amekunjamana nyuma ya usukani. Siku ya kurudi, mtu huyo ambaye hajanyoosha mgongo siku mbili ndiye aliyebeba roho zetu zote mikononi mwake. Usingizi ni mwizi, haubishi hodi. Ikiwa hapana budi mtu mmoja tu alale kitandani, basi awe yeye.

Wapo watakaosema, "Si mngerudi nyumbani jioni?" Haiwezekani. Wizara ya Elimu imekataza mabasi ya wanafunzi kusafiri usiku, nami naliunga mkono agizo hilo kwa mikono miwili, kwa maana barabara zetu zimemeza wengi. Lakini anayekukataza kusafiri usiku amekiri kwamba utalala mahali. Mahali hapo pajulikane mapema.

Wapo pia wenzetu, hasa wa kiti cha nyuma, wanaosema kwamba kulala garini ndiyo raha yenyewe ya tamasha: ngano, vicheko na nyimbo hadi usiku wa manane. Siwakatalii. Hata mimi nilicheka sana usiku wa kwanza. Wengine hutoa mfano wa ng'ambo, ati Wazungu wenyewe hulala katika magari wakienda kusikiliza muziki. Ni kweli. Huko Uingereza kuna tamasha la Glastonbury, lililoanzishwa mwaka wa 1970 katika shamba la ng'ombe wa maziwa. Watu wengi huko hulala katika mahema, na wenye magari yaliyotengenezwa kama nyumba hupewa viwanja vyao na kulipia tiketi ya gari kando. Lakini hebu tupime mambo kwa mizani. Gari lile lina kitanda, letu lina viti. Wale ni watu wazima waliochagua wenyewe, sisi ni watoto wa watu tulioaminiwa mikononi mwa walimu. Zaidi ya yote, wale wamekwenda kusikiliza, na msikilizaji akisinzia hakuna anayedhurika. Sisi twaenda kuimba.

Sasa tufike penye mfupa, yaani pesa. Najua shule yetu si tajiri, na mwalimu mkuu akisoma makala haya atauliza pesa zitoke wapi. Kwa heshima zote, naomba kumwonyesha mahali zilipopita. Mwaka huo kila mmoja wetu alitoa shilingi 1,200 za kitambaa na kushonewa sare mpya. Zidisha mara 29, utapata shilingi 34,800. Sare zilipendeza, sikatai, na picha zetu zimebandikwa ukutani ofisini. Lakini mwaka uliofuata shairi lilibadilika, rangi ikabadilika, na sare zile sasa ni matambara ya kupangusia ubao. Pesa hizo zingetosha kununua magodoro membamba ya sponji, hata kama si moja kwa kila mtu, kwa maana wasichana wawili wembamba hutoshana juu ya godoro moja. Yangewekwa stoo na kutumiwa miaka mitano, sita, na timu ya mpira pia ingeyaazima. Najua kwamba katika nyimbo za kiasili maleba huhesabiwa na waamuzi. Hayo yaendelee, na mengi hutengenezwa kwa ngozi, magunia na shanga tulizo nazo. Lakini shairi la kukariri halihitaji kitambaa kipya. Lahitaji koo lililolala.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya jina la shule yetu kupelekwa kwa ngazi yoyote iliyo mbali, mlezi wa timu aandike mahali tutakapolala, na mzazi ayaone maandishi hayo kabla ya kutia sahihi. Pili, chama chetu na kwaya waungane kuanzisha akiba ya magodoro, kuanzia muhula huu, kwa shilingi 20 kwa mwezi kwa kila mwanachama. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, siku ambayo sisi ndio tutakaopokea wageni, tufungue madarasa yetu na kusogeza madawati wenyewe, tena tuanze na shule za kutwa, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na sisi tumekwisha kuumwa.

Na je, ikitokea kwamba kila mlango umefungwa na hapana budi kulala garini? Basi kuwe na kanuni. Injini izimwe usiku kucha, hata baridi iwe kali namna gani. Vioo viwili vya pande zinazoelekeana viachwe wazi upana wa kiganja, hewa ipite. Jiko lisiingizwe hata kama makaa yaonekana yamezimika. Mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje. Wasichana wawe mbele pamoja na mwalimu wa kike, wavulana nyuma na mwalimu wa kiume, na walimu wapokezane zamu ya kukesha wakiwa na tochi. Anayekwenda msalani aende na mwenzake. Dereva atafutiwe kitanda. Na mtu yeyote akilalamika kwamba kichwa chamwuma, wote watoke nje kwanza, maswali baadaye.

Najua kuna mwalimu atakayesema kwamba vijana wa siku hizi wanapenda starehe, kwamba wao walikwenda tamashani kwa lori na wakashinda. Mwalimu wangu mpendwa, nakuamini, na nakupongeza. Lakini ninakuomba ufikiri: ikiwa mlishinda baada ya kulala ndani ya lori, mngeimba namna gani kama mngelala juu ya godoro?

Muhula wa pili uko karibu. Punde si punde mlezi wetu atasimama mbele ya chama, atatusomea shairi la mwaka huu, kisha atauliza, kama ilivyo desturi, tunataka sare ya rangi gani. Wenzangu, siku hiyo nitauinua mkono wangu. Nanyi niungeni mkono, tuulize kwanza tutalala wapi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu