Mizani Ikiongea Bila Waya, Mkulima Naye Asikie

Makamanda, mjadala wa viwanda vya kisasa tusiwaachie mainjinia peke yao. Familia ya Kisawasawa inayosomesha watoto kwa miwa unaihusu kuliko mtu yeyote aliyekaa Dar.

Tuelewane kwanza. Zamani kila kipimo kiwandani, iwe joto la boila au mtetemo wa mota, kilitaka waya wake hadi chumba cha kuongozea mitambo. Waya ni ghali, tena unaungua na kukatika. Siku hizi kuna vihisi, vifaa vidogo vinavyopima na kurusha namba hewani. Tangu 2007 kuna mfumo unaoitwa WirelessHART: kila kifaa kinapokea ujumbe wa jirani yake na kuupitisha mbele, kwa hiyo njia moja ikiziba, ujumbe unapita kwingine. Masafa yake ni yale yale ya waifai, gigahezi 2.4.

Sasa twende Kidatu. Kiwanda cha Sukari Kilombero, ambacho serikali ina hisa asilimia 25, kiliingia mradi wa upanuzi wa K4 uliolenga kutoka tani 127,000 za sukari hadi 271,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya miwa ya nyongeza ilipangwa itoke kwa wakulima wa nje. Na mkulima huyo malipo yake yanategemea namba mbili: uzito wa mzigo na kiwango cha sukari ndani ya miwa. Zote zinapimwa kiwandani, yeye akiwa shambani.

Simtuhumu mtu wizi. Nasema hivi: anayenunua akiwa ndiye anayepima na ndiye anayeandika, hata awe malaika, muuzaji lazima naye aone.

Watatuambia ni gharama. Gharama gani? Namba ikishafika kwenye kompyuta ya ofisi, kuituma kwenye simu ya mkulima ni meseji moja tu!

Sheria za kuanzia tunazo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo kwa ajili ya mizani ya biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na mzigo ulioandikwa jina la mkulima ni taarifa zake. Tunataka kanuni iseme wazi: namba imfikie saa ile ile, kabla ya malipo, apate nafasi ya kupinga. Na Wakala wa Vipimo asiishie kukagua chuma cha mizani, aifuate namba hadi kwenye kompyuta. Namba inayosafiri hewani isipolindwa inaweza kuchezewa njiani.

Serikali isituambie haina sauti. Mwenye robo ya hisa anakaa mezani.

Vijana wa Kisawasawa, Mang'ula na Msolwa, mkutano ujao wa AMCOS simameni muulize swali moja tu: kipimo cha mzigo wangu, nani anakiona kabla yangu, na kwa nini?