Usikubali Kuambiwa "Ni Draiva Tu"

Kuna sentensi moja nimeichoka kabisa: "Hiyo ni draiva tu, isasishe." Mtu amenunua kompyuta mpya ya gemu, amelipa laki na ushei, amefika nayo nyumbani, amewasha, na gemu inashtukashtuka kama matatu ambayo dereva anajifunza gia. Anapiga simu dukani, jibu ni hilo hilo. Anasasisha draiva, hakuna kinachobadilika. Anapiga tena, anaambiwa afute Windows aweke upya, kwa bando zake. Akimaliza hayo yote, zile siku saba za kujaribu mashine zimekwisha, na sasa anaambiwa ailete "fundi aiangalie". Fundi analipwa, usisahau.

Maoni yangu ni haya: kompyuta mpya haifai kuwa na kigugumizi, na hizo siku za kwanza uzitumie kukusanya ushahidi. Draiva unaweza kuifuta na kuiweka hata mwezi ujao. Waranti haitakungoja.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili, maana watu huyachanganya. La kwanza ni kigugumizi chenyewe: picha ni safi lakini mwendo unakwama. Gemu ikikimbia fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina kama milisekunde 16.7 za kufika kwenye skrini. Ikitokea moja iliyochukua milisekunde 80, jicho linaiona, hata kama ile namba ya konani bado inasoma 58 au 60. Ile namba ni wastani, wasee. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuambia "si unaona iko sitini" na asiwe anadanganya, na wewe pia usiwe unadanganya ukisema inakwama. Weka MSI Afterburner, ni ya bure, uwashe mchoro wa muda wa kila fremu. Mstari ukiwa umelala, mambo sawa. Ukiwa na miiba kama mgongo wa nungunungu, piga video.

Ugonjwa wa pili ni picha kuharibika: mistari, madoadoa ya rangi, pembetatu zinazoruka angani, skrini kuwa nyeusi kisha kurudi. Hapa kuna kipimo ambacho hakikugharimu chochote. Madoa yakitokea, piga skrinishoti, itume kwa simu yako, uiangalie huko. Yakiwa ndani ya skrinishoti, yametengenezwa ndani ya kompyuta: inaweza kuwa kadi, draiva, au gemu yenyewe. Skrinishoti ikiwa safi, shuku kebo, skrini, au tundu unalochomekea kebo. Na kama madoa yanaonekana hata ukiwa kwenye BIOS, kabla Windows haijaamka, badilisha kebo, jaribu skrini nyingine, na yakiendelea usikubali tena stori ya draiva. Wakati huo draiva ya Windows haijapakiwa hata. Video ya sekunde 20 ya hiyo BIOS yenye madoa inamaliza ubishi kuliko simu kumi.

Turudi kwa kigugumizi, kwa sababu hapo ndipo wauzaji hunikera zaidi. Mara nyingi chanzo ni kazi ambayo fundi wa duka alipaswa kuimaliza kabla ya kufunga boksi. Binamu yangu aliuziwa mashine ya "gaming" yenye RAM ya gigabaiti 16. Tangazo lilisema 16 na kweli zilikuwa 16, lakini zote kwenye kijiti kimoja. Prosesa ina njia mbili za kuzungumza na RAM. Ukiweka kijiti kimoja, umefunga njia moja, ni kama kufunga nusu ya leni za Thika Road saa kumi na mbili jioni. Magari ni yale yale, foleni ndiyo mpya. Zaidi ya hapo, kijiti chenyewe kiliandikwa 6000, lakini kilikuwa kinakimbia 4800, kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye BIOS kuwasha ile sehemu inayoitwa XMP kwenye mashine nyingi za Intel, au EXPO kwenye za AMD. Na skrini yake ya 144Hz? Windows ilikuwa imeiacha 60.

Siku nne alikuwa anahangaika na draiva. Nne! Hayo yote tuliyaona kwa dakika kumi bila kufungua hata skrubu moja. Kasi ya skrini iko kwenye mipangilio ya Windows. Ya RAM, fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Memory. Pale panaonyesha kasi ya RAM na ni matundu mangapi yamejazwa. Tulipiga picha ya ukurasa huo, tukaiweka kando ya picha ya tangazo, tukatuma dukani kwa WhatsApp. Kijiti kimoja cha 16 kikabadilishwa kwa viwili vya 8 bila hata bob moja ya ziada, kwa sababu ilikuwa siku ya tano. Ingekuwa ya nane, sijui tungeimbiwa wimbo gani.

Ukipata vijiti viwili na mazabodi ina matundu manne, kwa kawaida vinakaa la pili na la nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Kijitabu cha mazabodi kitakuambia kwa uhakika. Nimeona mashine zilizotoka dukani vikiwa vimekaa pamoja kama wapenzi kwenye matatu, na zikawa zinatumia ile njia moja tu.

Halafu angalia nyuma ya kompyuta, kebo ya skrini imechomekwa wapi. Matundu yaliyo karibu na USB ni ya mazabodi. Ya kadi ya grafiki huwa yako chini zaidi, kwenye kipande chake. Ukichomeka kwa mazabodi, unaweza kuwa umelipia kadi ya elfu hamsini na bado unachezea grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Hii inachekesha hadi ikukute.

Lakini nisiwe wakili wa upande mmoja. Kuna kigugumizi ambacho duka halina lawama. Gemu nyingi mpya hutayarisha sheda, vile vijiprogramu vya rangi na mwanga, wakati unacheza. Ukiingia mahali mara ya kwanza inashtuka, ukirudi pale pale mara ya pili pako laini. Hiyo ni gemu, na hata mtu mwenye kadi ya bei ya gari kuukuu analia nayo. Siku ya kwanza pia Windows inapakua masasisho nyuma ya pazia, kwa hiyo iache itulie kwanza. Na ndiyo, kuna wakati ni draiva kweli. Futa ya zamani kabisa kwa programu ya DDU, weka mpya kutoka kwa tovuti ya aliyetengeneza chipu ya kadi, basi. Fanya hivyo mara moja. Ukiona gemu tatu tofauti bado zinakwama, hilo somo la draiva umelihitimu.

Kitu kingine, ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini usiuamini kama Injili. Mwaka 2023 na 2024 watu wenye prosesa za Intel Core za kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na 14, hasa i9 na i7, walianza kuona gemu za Unreal Engine zikianguka na ujumbe kwamba kumbukumbu ya grafiki imeisha. Ukisoma hivyo utafikiria nini? Utafikiria kadi. Hata wenye kadi zenye kumbukumbu kubwa waliupata ujumbe huo huo. Mwenye makosa alikuwa prosesa. Intel walikiri mwaka 2024 kwamba volteji ilikuwa inapanda kupita kiasi, wakatoa marekebisho yanayoingia kupitia BIOS, na wakaongeza miaka 2 kwenye waranti ya prosesa zilizoathirika. Marekebisho hayo yanazuia madhara, hayaponyi chipu ambayo tayari imeumia. Kwa hiyo ukiuziwa leo mashine yenye prosesa ya vizazi hivyo, uliza toleo la BIOS na kama prosesa ni mpya kweli au ilitolewa kwa mashine ya mtu. Muuzaji akikuangalia kama umemtukana, hiyo pia ni habari.

Pawasaplai sitaisema sana. Kompyuta ikizima ghafla, au kujiwasha upya katikati ya gemu nzito, huku ukivinjari tu haina shida, isome jina na wati zilizoandikwa ubavuni. Duka likitaka kupunguza bei, mara nyingi hukata hapo.

Sasa ushahidi wenyewe. Piga video ya tatizo likitokea, picha ya Task Manager, picha ya namba za siri za kadi na mashine, na risiti. Mashine ikiwa na stika ya waranti kwenye skrubu, usiing'oe, hata fundi wa mtaa akuahidi mbingu. Malalamiko yaandike, tuma WhatsApp au barua pepe, simu pekee haiachi alama. Na ule mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi" usikutishe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu alichonunua, na fidia kwa hasara inayoletwa na kasoro. Mhuri wa duka hauwezi kufuta Katiba. Mambo yakigoma kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Wengi hawafiki huko. Duka likiona una video, tarehe na maandishi, lugha hubadilika.

Ninachotaka kutoka kwa wanaouza ni kidogo sana: washa mashine mbele ya mteja, fungua gemu nzito, iache ikimbie dakika 30 na ule mchoro wa fremu ukionekana, halafu ndipo mtu atoe simu alipe. Na wewe unayenunua, ziombe hizo dakika 30. Wakikunyima, lile jengo lina maduka mengine kumi kwenye ngazi hiyo hiyo.