Utabiri Si Uaguzi

Wahenga walinena, tahadhari kabla ya athari. Lakini wengi wetu hapa Moding hutaka kuona athari kwanza ndipo tuamini tahadhari.

Wanafunzi wenzangu, mnakumbuka tarehe 3 Mei 2024? Rais aliahirisha kufunguliwa kwa shule kwa ajili ya mafuriko, na katika hotuba iyo hiyo akawaonya watu wa Pwani kuhusu Kimbunga Hidaya. Siku iliyofuata, kimbunga hicho kikaishiwa nguvu kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania. Watu wakacheka: "Eti kimbunga! Si walitudanganya tu?" Kwa maoni yangu, hawakudanganya.

Bahari hujaa na kupwa kwa mvuto wa mwezi na jua. Mwendo wa hivyo viwili unajulikana, kwa hivyo wataalamu huweza kukokotoa saa ya maji kujaa Mombasa hata mwaka mzima kabla. Lakini upepo, bwana, hauna ratiba! Kompyuta hupewa kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa na kina cha bahari, kisha hukadiria maji yatapanda kiasi gani. Upepo ukigeuka, hesabu nayo hugeuka.

Tazameni Beira, Msumbiji, ambako Kimbunga Idai kilipiga usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Bahari ya huko ina kina kifupi hadi mbali na ufuo, kwa hivyo upepo huyarundika maji kwa urahisi. Usiku huo mwezi ulikuwa nusu, wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana. Hata hivyo, kimbunga hicho kiliua mamia ya watu. Je, kingalikuja wiki moja baadaye, mwezi mpevu, wakati wa bamvua? Ndiyo maana mtabiri hana budi kuonya mapema, hata kama huenda tufani ikapita kando.

Mtasema sisi tuko mbali na bahari. Kwani Budalangi ni mbali? Iko katika kaunti yetu hii ya Busia, na Mto Nzoia umeifurika mara nyingi. Hesabu za mto na za bahari ni ndugu.

Basi tusimcheke mtabiri. Anayecheka leo ndiye atakayekataa kuhama kesho. Ni heri kuhama bure kuliko kuzikwa bure.