Maji ya Kompani Yanaweza Kusafishwa?

Ninyi mnaokaa karibu na mito ya Likasi na Kolwezi, swali hili mnalijua: tukichemsha maji, yanakuwa mazuri? Kwa vijidudu vya kuhara, ndiyo, mchemshe. Lakini shaba, kobalti, risasi na kadmiumu hazikufi na moto. Maji yanapungua katika chungu, metali inabaki yote. Na risasi, hata kidogo, inaharibu akili ya mtoto, na maji yake yanaweza kuonekana safi kabisa.

Basi kazi inapaswa kufanyika kule kwa kompani, mbele maji hayajaingia mutoni. Kwanza wanatia chokaa. Metali nyingi zinageuka matope na kutua chini. Lakini kiasi fulani kinabaki, na hapo watu wa kemia wanaleta rezini.

Rezini ni nini? Ni punje za mviringo, ndogo kama mayai ya samaki, zinajazwa ndani ya tangi. Fikiri taksi-bisi ambayo viti vyote vimejaa. Juu ya kila kiti amekaa sodiumu, ile ya chumvi yetu ya chakula. Maji machafu yakipita, shaba inapanda. Sasa, shaba iko na chaji mbili za umeme, sodiumu moja tu: shaba moja inakamata viti viwili, sodiumu mbili zinashuka. Vijana wa masomo, mwone vizuri: hii si chujio ya matundu, ni kubadilishana. Waingereza Thompson na Way walieleza jambo hilo mwaka wa 1850, tena walikuwa wanachunguza udongo wa mashamba tu! Rezini za kutengenezwa zilitoka kwa Adams na Holmes mwaka wa 1935.

Kuko shida. Maji yaliyotiwa chokaa yana kalsiumu nyingi, nayo inataka viti vile vile. Juu ya hiyo kuko rezini zenye kuchagua, zinazoshika shaba kwa nguvu kuliko kalsiumu. Na viti vikijaa, metali zinapita moja kwa moja mpaka mutoni, bila kelele. Lazima maji yanayotoka yapimwe kila mara, na rezini ioshwe na asidi.

Siku kompani inakuja katika mkutano wa kartie na kusema "Tuko na rezini", mtu asimame aulize: ile asidi ya kuoshea mnaipeleka wapi? Metali yote iliyoshikwa na rezini imekusanyika humo. Shaba na kobalti zinaweza kutolewa na kuuzwa. Risasi na kadmiumu zinapaswa kugandishwa na kufungiwa mahali ambapo mvua haifiki.