Nani Msaidizi?

Filamu ya The Sessions ilipotoka mwaka 2012, sifa nyingi zilimwagiwa John Hawkes, aliyeigiza mshairi Mark O'Brien akiwa amelala chali karibu muda wote. Helen Hunt, aliyeigiza Cheryl, mtaalamu anayemfunza mshairi huyo mambo ya faragha, aliwekwa katika fungu la waigizaji wasaidizi. Na hata waliomsifu walishikilia zaidi ujasiri wake wa kuvua nguo. Huko ni kutazama mwili na kuacha sanaa.

O'Brien, mshairi wa Berkeley, California, alipatwa na polio mwaka 1955 akiwa na miaka 6, akaishi kwa kutegemea mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua hadi alipofariki mwaka 1999. Kisa kama hiki, kikiachwa kijiendee, huporomokea kwenye huruma: mlemavu hulia, mtazamaji hulia naye, kisha kila mmoja hurudi kwake akijiona mwema. Hunt ndiye anayekizuia. Cheryl wake hambembelezi mtu mzima kama mtoto. Husema naye kama fundi anayeijua kazi yake, huweka ukomo wa vikao, na baadaye husimulia yaliyopita kwenye kinasa sauti. Anapomshikia kioo auone mwili wake, hampi sadaka. Anamkabidhi mali yake mwenyewe. Na utulivu wa Cheryl unapoanza kutetereka, ndipo inapobainika kwamba aliyelala naye ana uwezo wa kumtikisa aliyesimama. Bila ya uso ule, Mark angebaki mgonjwa.

Watakaopinga watauliza: kwa nini nafasi ya Mark alipewa mwigizaji mzima wa viungo? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema kwamba mwongozaji, Ben Lewin, naye aliugua polio utotoni. Lakini haliondoi ukweli kwamba anayeitwa msaidizi ndiye aliyeibeba jahazi.

Na watu wa mwambao wasilione jambo hili kuwa la Marekani peke yake. Hujafa hujaumbika, husemwa, na mkono ukatoa sadaka. Lakini mlemavu huyo huyo akipeleka posa, nyumba nzima hushikwa na kigugumizi. Anayepewa sarafu akanyimwa mchumba hajahurumiwa. Amefutwa katika daftari la watu wazima, na sarafu ile ndiyo wino uliomfuta.