Kosa Halikuwa la Mantiki

Kila historia ya akili mnemba ikifika Japani husimuliwa kisa kilekile: mwaka 1982 ulianzishwa Mradi wa Kizazi cha Tano, taasisi ya ICOT chini ya Kazuhiro Fuchi ikachagua lugha za mantiki ziwe msingi wa kompyuta mpya, na ilipofika 1992 soko halikuzihitaji. Basi, Prolog, lugha mashuhuri ya mantiki, ilijaribiwa ikashindwa. Hukumu hiyo inaniudhi, maana inamwadhibu asiyekuwapo. KL1, lugha ya mashine za ICOT, ilitokana na Guarded Horn Clauses ya Kazunori Ueda, na katika ukoo huo programu ikishachagua kanuni hairudi nyuma kujaribu nyingine. Yaani kwa ajili ya kazi sambamba uliachwa utafutaji uleule ambao Alain Colmerauer na Philippe Roussel waliujenga katika Prolog huko Marseille mwaka 1972, walipotaka kompyuta ielewe sentensi za Kifaransa. Juu yake zikaongezwa mashine maalumu, wakati kompyuta za kawaida zilikuwa zikiongezeka kasi na kushuka bei. Hayo ni maamuzi ya wahandisi, na makala ya kwanza ya mkusanyiko huu inayachambua vizuri kuliko nilivyowahi kusoma.

Wapinzani wa Prolog wana hoja nzito zaidi. Andika kwamba kila mzazi ni mhenga, na kwamba X ni mhenga wa Y ikiwa X ni mhenga wa Z na Z ni mzazi wa Y. Kimantiki hakuna kasoro, lakini Prolog ya kawaida itaanza na sharti la kwanza, ijiite tena na tena mpaka kumbukumbu ijae. Geuza mpangilio wa masharti hayo mawili, jibu linatoka. Ndiyo maana husemwa kwamba ahadi ya kutamka ukweli tu na kuiachia mashine njia ilikuwa ya uongo. Sikubali. Robert Kowalski aliandika mwaka 1979 kwamba algoriti ni mantiki pamoja na udhibiti, na ugonjwa huu ni wa udhibiti. Tena umetibika: mfumo wa XSB huweka majibu yaliyokwisha kupatikana kwenye majedwali, na kanuni ileile, kwa mpangilio uleule, hujibu na kusimama. Makala kuhusu Datalog, lugha nyingine ya mantiki, isomwe kwa jicho hilo.

Wengine watasema kanuni za kuandikwa kwa mkono haziwezi kushindana na modeli zinazojifunza zenyewe. Katika kutambua picha na sauti, haziwezi. Lakini mwaka 1986 Marek Sergot, Kowalski na wenzao walichapisha Sheria ya Uraia wa Uingereza ya 1981 ikiwa programu ya mantiki. Aliyezaliwa Uingereza ni raia ikiwa mzazi wake ni raia au mkaazi wa kudumu. Ukinyimwa, mfumo unaonyesha kifungu na sharti lililokosekana, nawe unajua ubishie nini. Modeli ya lugha nayo hutoa maelezo, tena kwa ufasaha, ila hakuna kinachohakikisha kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyozaa jibu. Kwa mtu anayesubiri uraia, mkopo au pensheni, tofauti hiyo ni haki yake.

Makala kuhusu lugha ya Erlang inakumbusha kwamba toleo la kwanza la lugha hiyo liliandikwa kwa Prolog. Ya mwisho inapendekeza modeli za lugha zitunge kanuni, mantiki izitekeleze. Naiunga mkono, isipokuwa pale inapotaka kanuni hizo zitumike kabla mtu hajazikagua.