Iwata alituonya kuhusu bei ya gemu

Machi 2, 2011, jijini San Francisco, Steve Jobs alikuwa akiitambulisha iPad ya pili. Siku hiyohiyo, jirani kabisa na hapo, Satoru Iwata, rais wa kampuni ya Nintendo ya Japani, alisimama mbele ya watengenezaji wa gemu akawapa onyo. Wenye maduka ya programu za simu, alisema, hawana sababu ya kulinda thamani ya gemu. Wao hufaidika na wingi. Bei ikishuka hadi sifuri, anayeumia ni mtengenezaji.

Nafundisha vijana kuandika programu hapa Mwenge, Dar es Salaam, na onyo lile naliona likitimia darasani. Kijana amekesha akichora wahusika na kurekebisha msimbo. Gemu ikikamilika, namuuliza ataiuza shilingi ngapi, naye ananitazama kwa mshangao: "Mwalimu, ukiweka bei nani ataipakua?" Akili yake imeshahamia kwingine: matangazo yakae wapi, na mchezaji akwamishwe hatua ya ngapi ili alipie kwa simu ndipo asonge mbele. Simlaumu, maana soko alilikuta hivyo. Lakini inaniuma kuona kazi nzuri ikiharibiwa kwa makusudi na mkono uleule ulioitengeneza.

Kuhusu bei, basi, Iwata aliona sawasawa. Kuhusu mauzo ya kampuni yake alikosea, tena vibaya. Mwezi huohuo wa Machi 2011, mashine yake ya mkononi, 3DS, iliingia Marekani kwa dola 250. Kufika Agosti ilikuwa dola 170. Kisha ikaja mashine ya sebuleni, Wii U. Nintendo ilikadiria kuuza milioni 9 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2014, lakini Januari ya mwaka huo ikashusha makadirio hadi milioni 2.8.

Mara zote mbili Iwata alikata nusu ya mshahara wake mwenyewe. Mwaka 2013, wanahisa walipogusia kupunguza wafanyakazi, alikataa. Mtu anayeogopa kufukuzwa kazi, aliwajibu, hawezi kutengeneza gemu ya kuwagusa watu duniani. Aliyajua maisha ya watengenezaji; kabla ya kuwa bosi alikuwa mwandishi wa programu katika studio ya HAL.

Kwangu mimi, hiki ndicho kipimo cha kiongozi anayetabiri: utabiri ukianguka, nani analipa? Google ilizindua Stadia Novemba 2019 kwa ahadi kwamba gemu zitachezwa kupitia intaneti bila mashine ya bei ghali sebuleni. Februari 2021 ikatangaza kufunga studio zake za kutengeneza gemu, na Januari 2023 huduma yenyewe ikazimwa. Microsoft iliinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69 mwezi Oktoba 2023. Januari iliyofuata ikatangaza kuwaondoa watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Mwezi mmoja baadaye Sony nayo ikatangaza kupunguza takriban 900 upande wa PlayStation. Hesabu hufanywa juu, wanaofungasha virago ni wachoraji na waandishi wa programu.

Wapo watakaonijibu kwamba hata Iwata alisalimu amri. Ni kweli kwamba Machi 2015 alitangaza ushirikiano na kampuni ya DeNA ili Nintendo iingie kwenye simu. Akafariki Julai mwaka huo, akiwa na miaka 55. Gemu yake ya simu, Super Mario Run, ilitoka Desemba 2016: unaonja bure, unalipa dola 10 mara moja, basi, gemu yote ni yako. Ilipakuliwa mno, lakini Nintendo ikakiri kwamba faida haikufikia ilipotaka. Gemu yake nyingine ya simu, Fire Emblem Heroes, ambayo mchezaji hulipa tena na tena akibahatisha kupata mhusika anayemtaka, ikaingiza zaidi. Hilo halimpingi Iwata hata kidogo. Hakutabiri kwamba bei ya wazi ingeshinda, alihofia ingeshindwa.

Sasa darasani kwangu gemu haipokelewi bila bei, na aliyeitengeneza husimama mbele ya wenzake akaeleza kwa nini inastahili kulipiwa. Wengi huanza na shilingi mia tano. Nawarudisha wafikirie upya, na wapandishe.